Atlasi ya ndege wanaozaliana: ramani inayotofautisha mgeni na mwenyeji

Ifikapo mwezi wa Oktoba, mbayuwayu wa Ulaya hujipanga kwenye nyaya za umeme kandokando ya barabara za Uganda, Rwanda na magharibi mwa Kenya. Huruka juu ya malisho wakikamata wadudu, hulala kwa maelfu kwenye matete, na mwezi wa Aprili unapokwisha wengi wao huwa wamekwisha kuondoka. Huku hawatagi mayai. Viota vyao viko Ulaya na Asia, kwenye mabanda ya mifugo na chini ya mapaa ya nyumba. Lakini kwenye waya uleule huweza kutua mbayuwayu wa aina nyingine, ambaye kiota chake cha udongo kimeshikamana na ukuta wa shule au tumbo la daraja lililo umbali wa hatua chache tu.

Kwa mpita njia, wote wawili ni mbayuwayu. Kwa mtaalamu anayetaka kujua ni ardhi ipi inayozaa ndege na ipi inayowapokea tu, tofauti kati yao ni kubwa. Kitabu kinachoiweka tofauti hiyo kwenye ramani huitwa atlasi ya ndege wanaozaliana.

Atlasi ni nini

Atlasi ya aina hii si kitabu cha picha cha kumsaidia mtalii kumtambua ndege. Ni mkusanyiko wa ramani, kwa kawaida ramani moja kwa kila spishi. Nchi au eneo zima hugawanywa katika miraba iliyo sawa, kisha kila mraba hutembelewa na watu wanaowajua ndege. Swali ni lilelile kila mahali: ni ndege gani wanaozaliana hapa, na ushahidi ni upi?

Usawa wa miraba ndio msingi wa kazi yote. Bila miraba, maarifa hurundikana pale wataalamu wanapopenda kwenda: kwenye hifadhi, kando ya maziwa na karibu na hoteli. Mraba humlazimisha mtafiti aende pia kwenye shamba la kawaida, kwenye kilima kikavu na kwenye kinamasi kisicho na njia. Humlazimisha vilevile kuandika alipokosa kitu, kwa sababu mraba mtupu una maana mbili zisizofanana. Huenda ndege hayupo, na huenda aliyepaswa kumtafuta hakufika. Atlasi inayostahili kuaminiwa huonyesha pia jitihada zilizotumika katika kila mraba, ili msomaji asidhani kwamba ukimya wa ramani ni kutoweka kwa ndege.

Ilikoanzia

Mfano wa mwanzo ulitokea katikati ya Uingereza, katika eneo la West Midlands, ambako wapenzi wa ndege waligawanya wilaya zao katika miraba ya kilomita 10 kwa 10. Kitabu chao kilitoka mwaka 1970. Walijifunza kutoka kwa wataalamu wa mimea, ambao mwaka 1962 walikuwa wamekwisha kuchapisha atlasi ya mimea ya Uingereza kwa njia ya miraba.

Kazi hiyo ya eneo moja ilionyesha kwamba jambo hilo lawezekana kwa nchi nzima. Uchunguzi wa ndege wanaozaliana Uingereza na Ireland ulifanywa kati ya 1968 na 1972, na atlasi yake ikachapishwa mwaka 1976. Atlasi ya kwanza ya Ulaya nzima ilitoka mwaka 1997. Ya pili ilitoka mwaka 2020, baada ya kazi ya nyanjani iliyofanyika hasa kati ya 2013 na 2017. Katika hiyo ya pili, takriban watu 120,000 walichangia, na spishi 596 zinazozaliana zilirekodiwa katika nchi 48.

Faida ya kurudia kazi ileile ilionekana hapo. Atlasi mbili zilipowekwa bega kwa bega, ilibainika kwamba maeneo ya kuzaliana ya ndege wa Ulaya yamesogea, kwa wastani, takriban kilomita 28 kuelekea kaskazini katika muda wa miaka 30 hivi. Hakuna mtazamaji mmoja ambaye angeliona jambo hilo kutoka kijijini kwake.

Kuonekana si kuzaliana

Ugumu wa kwanza wa atlasi ni ushahidi. Barani Ulaya uliwekwa utaratibu wa ngazi tatu, ambao kwa namna mbalimbali umeenea duniani. Ngazi ya kwanza ni kwamba kuzaliana kunawezekana: ndege ameonekana katika mazingira yanayomfaa na katika majira yake, au dume amesikika akiimba. Ngazi ya pili ni kwamba kuzaliana kunaelekea kuwapo: jozi imeonekana pamoja, dume analinda eneo lake, au ndege wanajenga kiota. Ngazi ya tatu ni kuthibitishwa: mayai yameonekana, makinda yamesikika kiotani, au mzazi amepita akiwa na chakula mdomoni kuwapelekea watoto.

Huenda msomaji akashangaa kwamba kujenga kiota hakutoshi kuwa uthibitisho. Mnana anaeleza sababu yake. Dume wa mnana husuka kiota, akaning'inia chini yake akipiga mbawa ili jike aje kukikagua. Jike asiporidhika, kiota hicho hubaki kitupu, na dume huanza kingine. Mti uliojaa viota waweza kuwa na vingi ambavyo havijawahi kupokea yai. Hondohondo, kwa upande wake, hutoa uthibitisho ulio wazi zaidi. Jike hujifungia ndani ya tundu la mti na kuliziba, akiacha ufa mwembamba. Dume anayeonekana akipitisha chakula katika ufa huo ameujibu mraba wake swali lote.

Wapo pia ndege wasiomsumbua mtafiti hata kidogo. Kongoti, wale ndege wakubwa wenye shingo tupu wanaozoea majalala ya Kampala, hujenga viota vyao vya vijiti juu ya miti ya mjini, na makinda yao huonekana kutoka barabarani.

Majira yasiyo na tarehe moja

Ulaya ina nafuu moja ambayo nchi za ikweta hazina. Huko, sehemu kubwa ya ndege huzaliana katika majira ya kuchipua na ya kiangazi, kwa hiyo timu zaweza kutumwa nyanjani katika miezi michache inayojulikana. Katika eneo la Maziwa Makuu, majira ya kuzaliana hufuata mvua zaidi kuliko kalenda, na mvua hutofautiana kati ya bonde na mlima. Ndege wengine hutaga mvua zinapoanza, wakati wadudu ni wengi. Wengine husubiri nyasi zikomae na kutoa mbegu. Ndege wakubwa wanaokula nyama huweza kutaga wakati wa kiangazi, mawindo yanapoonekana kwa urahisi. Spishi nyingine zina rekodi za mayai karibu kila mwezi wa mwaka.

Ndiyo maana eneo hili lilihitaji kwanza kujua wakati, kabla ya kujua mahali. Chama cha historia ya asili cha Afrika Mashariki, kilichoanzishwa mwaka 1909, kilikusanya kadi za viota kutoka kwa wanachama wake. Kila kadi ilitaja aina ya ndege, mahali, tarehe na kilichoonekana kiotani. Mwaka 1980 chama hicho kilichapisha kitabu cha Leslie Brown na P. L. Britton kuhusu majira ya kuzaliana ya ndege wa Afrika Mashariki. Mtu anayepanga safari ya kutafuta viota katika Kenya, Uganda au Tanzania bado ana sababu ya kukifungua.

Atlasi za eneo letu

Kenya ilipata atlasi yake mwaka 1989, iliyoandikwa na Adrian Lewis na Derek Pomeroy. Nchi iligawanywa katika miraba 228, kila mmoja ukiwa na nusu digrii kwa nusu digrii, yaani takriban kilomita 55 kwa 55. Waandishi walitenganisha rekodi za kabla ya mwaka 1970 na za baadaye, na wakaonyesha pale ambapo kuzaliana kulithibitishwa.

Uganda ilifuata mwaka 2005, kwa atlasi ya Margaret Carswell, Derek Pomeroy, Jake Reynolds na Herbert Tushabe. Kwa miaka mingi Chuo Kikuu cha Makerere kimekuwa na hifadhi ya taifa ya takwimu za viumbe hai, ambamo rekodi za ndege wa nchi hiyo huwekwa. Rwanda ilipata kitabu chake mwaka 2011, atlasi na mwongozo kwa pamoja, kilichoandikwa na Jean Pierre na Gaël Vande weghe na kuchapishwa Kigali na Bodi ya Maendeleo ya Rwanda. Nchini Tanzania, mradi wa atlasi ulioanza katika miaka ya 1980 umekuwa ukikusanya rekodi kwa mraba na kwa mwezi, pamoja na ushahidi wa kuzaliana.

Ukubwa wa mraba si jambo dogo. Mraba wa nusu digrii una eneo la takriban kilomita za mraba 3,000. Nchi kubwa kama Kenya huonekana vizuri kwa kipimo hicho. Rwanda, yenye kilomita za mraba 26,338, ingejaa miraba minane au tisa tu, na ramani yake isingeweza kutofautisha kinamasi cha Rugezi na milima inayokizunguka.

Mradi mpya wa Kenya, ulioanza mwaka 2013, umechukua miraba midogo zaidi, ya dakika tano kwa dakika tano za latitudo na longitudo, sawa na takriban kilomita 9 kwa 9. Kwa kipimo hicho Kenya ina miraba karibu 6,800. Mchangiaji hutakiwa kutumia angalau saa mbili katika mraba wake, akiorodhesha ndege kwa mpangilio aliowaona, na anaweza kuendelea kuongeza orodha hiyo hadi siku tano. Kazi iliyokuwa ya daftari na penseli sasa hufanywa kwa simu ya mkononi, ambayo hutambua yenyewe mraba aliosimama mtu.

Kutoka daftari hadi kitabu

Tarehe za atlasi zilizotangulia zinaonyesha jambo ambalo wafadhili hawalipendi: kazi ya nyanjani ikiisha, kitabu bado kiko mbali. Uingereza ilingoja miaka minne. Ulaya ilingoja mitatu. Atlasi ya kusini mwa Afrika, ambayo sehemu kubwa ya rekodi zake ilikusanywa kati ya 1987 na 1991, ilichapishwa mwaka 1997.

Miaka hiyo hutumika katika uhakiki. Kila rekodi isiyo ya kawaida hurudishwa kwa mwenyewe aulizwe: alionaje, kwa mwanga gani, kwa umbali gani, nani mwingine alikuwapo? Tarakimu moja iliyokosewa katika latitudo yaweza kumhamisha ndege wa msituni akaonekana katikati ya ziwa. Majina nayo huleta utata, kwa kuwa wataalamu wa uainishaji huigawa spishi moja kuwa mbili, au huunganisha mbili kuwa moja, wakati atlasi ingali inaandikwa. Baadaye waandishi huombwa kuandika maelezo ya kila ndege, wachoraji wa ramani hukagua kila alama, na ndipo kazi hupelekwa kwa mchapaji.

Kuna uamuzi mwingine mzito: ni nini kisichapishwe. Kasuku wa kijivu wa misitu ya Congo na Uganda ni mfano ulio wazi. Makinda yake yamekuwa yakitolewa kwenye matundu ya miti kwa ajili ya biashara, hadi mwaka 2016 nchi wanachama wa mkataba wa CITES zilipokubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku hao wanaokamatwa porini. Ramani inayotaja mti wenye kiota ingemfaa mwindaji kuliko mlinzi. Kwa ndege wa namna hiyo, wahariri huonyesha mraba mpana tu, na mahali halisi hubaki kwenye hifadhi ya takwimu inayofunguliwa kwa ruhusa.

Ndege hajui mpaka

Kasoro kubwa ya atlasi za eneo hili ni kwamba kila moja huishia kwenye mpaka wa nchi yake. Katika atlasi ya Uganda, ramani inakatika magharibi kwenye Milima ya Rwenzori na Ziwa Edward, ilhali msitu na maji vinaendelea upande wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo. Huko, ukubwa wa nchi, uchache wa barabara na vita vya mashariki vimezuia kazi ya kiwango hicho.

Mbayuwayu wa buluu anaonyesha gharama ya mkato huo. Ndege huyu, aliye hatarini, huzaliana katika nyasi za nyanda za juu kuanzia Afrika Kusini hadi nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, kisha huhamia maeneo ya Ziwa Victoria, kusini mwa Uganda na magharibi mwa Kenya. Kwa ramani ya Uganda pekee, yeye ni mgeni. Kwa ramani ya Tanzania pekee, ni mwenyeji ambaye hutoweka kwa sehemu ya mwaka. Anayetaka kumhifadhi hana budi kuzisoma zote mbili, kwa sababu nyasi zikilimwa upande mmoja, upande wa pili utasubiri ndege wasiokuja.

Kufanya kazi ya pamoja kunawezekana. Atlasi ya kusini mwa Afrika ya mwaka 1997 iliunganisha nchi sita: Afrika Kusini, Lesotho, Swaziland, Namibia, Botswana na Zimbabwe. Ilikusanya rekodi zaidi ya milioni 7 kwa utaratibu mmoja. Mradi uliofuata, ulioanza mwaka 2007, ndio uliobuni miraba midogo ambayo Kenya imeichukua. Nchi za Maziwa Makuu zikitumia kipimo hichohicho, ramani zao zaweza kuunganishwa bila kuanza upya.

Korongo mwenye taji

Umuhimu wa haya yote hauonekani vizuri zaidi kuliko kwa korongo mwenye taji, ndege aliye katikati ya bendera ya Uganda. Waganda humwita ŋŋaali, na Wanyarwanda humwita umusambi. Hujenga kiota chake ndani ya kinamasi, kati ya mimea inayomficha, na kwa kawaida hutaga mayai mawili au matatu. Vinamasi hivyo ndivyo vinavyokaushwa kwa kilimo. Mayai na makinda hutwaliwa, na ndege wazima hufa kwa sumu ya mashambani au kwa kugonga nyaya za umeme. Mwaka 2012 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, lilimweka katika kundi la viumbe walio hatarini kutoweka.

Korongo huishi miaka mingi. Kwa hiyo kundi la korongo wazima laweza kuendelea kuonekana kwenye shamba lilelile mwaka baada ya mwaka, likiwafariji wakazi, ilhali kinamasi cha jirani kimekwisha kulimwa na hakuna kinda hata mmoja aliyekuzwa. Ramani ya kuonekana hubaki imejaa. Ramani ya kuzaliana huwa inafutika mraba kwa mraba. Anayeitazama ile ya kwanza peke yake atapata habari baada ya wazee wa kundi kufa, wakati ambapo hakuna wa kuwarithi.

Rwanda imekuwa ikiwahesabu korongo wake kila mwaka tangu 2017, na hesabu hiyo ni msaada mkubwa. Lakini mhandisi anayepitisha laini ya umeme, au ofisa wa wilaya anayeombwa kibali cha kulima kinamasi, huhitaji jibu la swali jingine: je, kinamasi hiki kina kiota? Jibu hilo lapaswa kuwa limeandikwa kabla ya tingatinga kufika. Atlasi ndipo mahali pake.

Mchango wa mkazi

Kazi hii haikuwahi kuwa ya maprofesa peke yao. Atlasi ya Uingereza na Ireland iliyochapishwa mwaka 2013 ilitegemea zaidi ya watu 40,000 wa kujitolea, na nyingi kati ya rekodi za Afrika Mashariki zimetoka kwa waalimu, wanafunzi, waongoza watalii na walinzi wa hifadhi. Mkulima apitaye kando ya kinamasi kila asubuhi ana nafasi ya kuona kiota kuliko mgeni afikaye kwa siku mbili.

Rekodi yenye manufaa huhitaji mambo manne: ni ndege gani, wapi, tarehe gani na alikuwa akifanya nini. Hilo la mwisho ndilo husahaulika. Kuandika kwamba korongo wawili walionekana kinamasini ni vema; kuandika kwamba walikuwa na kinda mmoja ambaye hajaweza kuruka hubadilisha alama ya mraba mzima. Makundi ya watazamaji wa ndege, miongoni mwao Nature Uganda na Nature Kenya, hupokea rekodi za namna hiyo. Anayekuta kiota hashauriwi kukigusa wala kufyeka majani yanayokificha. Hukitazama kwa mbali, huandika, kisha huondoka.